Watani Wawili na Rakuni wa Bowie

Siku Godlisten Swai alipokutana na Nehemia Mbwambo kwa mara ya kwanza, Mbwambo alimpokonya sahani ya pilau. Ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa moja huko Silver Spring, Watanzania wamekusanyika kumpa pole mfiwa, na Godlisten ndiyo kwanza alikuwa amepakuliwa. Mtu mfupi mwenye koti la kaki akamsogelea na kumuuliza jina. Aliposikia "Swai," hakungoja la pili. Aliichukua sahani, akaanza kula kwa mkono, na huku anatafuna akasema, "Mchaga, hii ni fidia. Babu yako alimuuzia babu yangu mbuzi kiziwi."

"Mpare," Godlisten akajibu, "babu yako alijuaje kuwa mbuzi ni kiziwi?"

"Alimsomea hati ya mashtaka, mbuzi hakujibu."

Ukumbi mzima ulicheka, hata mfiwa alicheka huku machozi yanamtoka, na mama mmoja akasema kwa sauti, "Afadhali. Watani wamefika." Maana msiba usio na mtani wa kuuchekesha ni msiba mzito mno, na Wachaga na Wapare ni watani tangu enzi ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka. Mtani atakuita mwizi mbele ya wakwe zako, atakunyang'anya kofia, ataomba apewe mkeo, na wewe huruhusiwi kukasirika.

Mbwambo alikuwa amefundisha hesabu huko Usangi, katika milima ya Upare, kwa miaka kumi na minne. Alikuja Marekani mwaka 2003 akiwa na ujumbe wa kanisa lake la Wasabato. Ujumbe ukarudi, yeye akabaki, akidhani atafanya kazi miaka miwili amalizie nyumba. Viza yake ikaisha. Nyumba nayo ikaisha, ina bati jekundu na vyumba vinne, na mkewe Edna akahamia humo peke yake. Wenye karatasi zao walikwenda kusalimia na kurudi. Mbwambo alijua kwamba akitoka harudi, na akibaki nyumbani ada za watoto hazitapatikana. Kwa hiyo watoto walisoma, wakaoa, wakaolewa, wakampigia simu za video kumwonyesha wajukuu, naye wakati wote huo alikuwa ndani ya kibanda cha kioo, kwenye maegesho ya magari chini ya jengo la ofisi katikati ya Washington, akipokea tiketi na kufungua kizuizi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tatu, na miaka ishirini na miwili hakuwa amemshika Edna mkono.

Godlisten alikuwa mdogo kwake kwa miaka mitano. Alifanya kazi hospitalini kama msaidizi wa wauguzi, kazi ya kugeuza wagonjwa, kuwaogesha na kuwapima presha. Mkewe, Flaviana, alikuwa ofisi ya kaunti. Walikuwa na nyumba yao Bowie, nje ya Washington, nyumba ya kawaida ya mtaa ule, yenye gereji mbele, baraza ya mbao nyuma na miti mirefu inayoanza palipoishia majani ya uani. Watoto wao walipohamia Texas, Flaviana ndiye aliyesema, "Mwalimu asiendelee kulipia chumba kwa watu wakati sisi tuna nafasi tupu chini." Mbwambo akahamia chumba cha chini na masanduku mawili na sufuria ya makande, na tangu hapo, kwa miaka kumi na mmoja, hakuna siku iliyopita bila wale wazee wawili kutukanana.

Walijiwekea sheria moja. Atakayechoka, akasema "Basi, tuache utani," ameshindwa, na adhabu yake ni kupika makande ya nyumba nzima Jumapili ile. Makande ni kazi ya nusu siku, lakini si hilo lililowazuia. Kila mmoja aliona ni aibu kuwa wa kwanza kusema. Mbwambo alipofiwa na mama yake huko kwao, na hakuweza kwenda kumzika, Godlisten alimwambia kwamba bibi yule amekimbia dunia ili asije akalipa deni la kuku. Mbwambo alicheka hadi akaketi chini, kisha akalia vizuri, kilio cha kutoka tumboni. Ndivyo walivyopeana pole. Njia nyingine hawakuwa nayo.

Rakuni walianza kuja masika ya mwaka juzi. Rakuni ni mnyama wa ukubwa wa paka aliyenona, manyoya ya kijivu, mkia wenye pete nyeusi, na usoni ana utepe mweusi unaopita machoni kama kitambaa cha mwizi. Mikono yake, maana ni vigumu kuiita miguu, ina vidole vitano virefu vinavyopapasa kila kitu kama vya kipofu. Wa kwanza kuonekana alikuwa jike. Lilikuwa na watoto wanne, na kwa kuwa linanyonyesha halikungoja giza. Saa mbili na nusu jioni, wakati wa Juni ambapo jua la Maryland bado linachungulia nyuma ya miti, lilishuka kwenye mti wa mwaloni kwa makalio kwanza, likavuka majani, likaenda moja kwa moja kwenye pipa la taka. Godlisten aliweka jiwe juu ya kifuniko. Jike lililisukuma jiwe kwa mikono miwili hadi likaanguka, likafungua, likaingia.

"Mama Swai amefika," Mbwambo alisema, viti vyao viwili vikiwa bega kwa bega barazani. "Amevaa na barakoa kabisa. Ukoo wenu hata hamjifichi."

"Huyo ni Bibi Mbwambo. Ona anavyolipapasa hilo pande la ugali. Anatafuta kosa aende mahakamani."

"Analiosha. Sisi watu wasafi."

"Analiosha litoke chumvi, alile wiki nzima."

Walibishana hivyo kiangazi chote, na jike lile likabaki na majina mawili. Mbwambo aliliwekea bakuli la maji kwenye ngazi ya chini ya baraza, kwa kuwa aliona linapenda kulowesha chakula chake. Aliporudi kazini, baada ya treni na basi, alipita jikoni, akachukua ukoko wa ugali au ganda la ndizi, akatoka nje kabla hata ya kuvua viatu. Alijifunza kuwatofautisha watoto. Mmoja mwenye sikio lililokatika alimwita Mwanafunzi, kwa sababu kila alichofanya mama yake alikirudia kwa kukosea. Jioni nyingine alimpigia Edna simu ya video, akaielekeza uani bila kusema neno, na Edna akasikika kutoka mbali, asubuhi haijapambazuka kwao, "Nehemia, umeniamshia panya?"

"Mtazame mikono."

"Naona. Kama ya mtu." Kisha, Mbwambo alipoigeuza simu, "Na wewe umekonda."

Flaviana hakupenda. Alileta kipeperushi kutoka kazini na kukibandika mlangoni. "Nyie wazee, wanyama wa porini hawalishwi. Wana magonjwa. Wakizoea hawaondoki."

"Shemeji," Mbwambo alisema, "mgeni amefika uani kwako na watoto wanne, hajala. Wewe ungelala?"

"Mwalimu, mimi ningelala fofofo."

Lakini hakukibandua kipeperushi, nao hawakukisoma.

Masika ya mwaka uliofuata, jike likarudi na watoto wengine watatu. Pamoja nao walikuja rakuni ambao hawakuwajua, madume makubwa yaliyokuwa yakigombana kwenye pipa. Uwanja ule sasa ulikuwa unajulikana.

Ilikuwa Jumapili moja mwishoni mwa Mei. Mbwambo, kwa kuwa alisali Jumamosi, Jumapili zake zilikuwa za kufua na kufagia baraza wakati wenyeji wake wako kanisani. Godlisten na Flaviana walirudi saa nane mchana. Flaviana alipitiliza ndani kubadili nguo. Godlisten alizunguka nyuma, akamkuta Mbwambo ameketi kwenye ngazi, mkono wa kulia umefungwa leso.

"Mtani," Mbwambo alisema, "kaka yako amenila."

"Kaka yangu yupi?"

"Wa barakoa. Amekuja saa sita, jua la utosi, anayumba kama ametoka kilabu cha mbege. Nikamsalimu. Nimeinama nichukue bakuli la maji, akanirukia."

Godlisten alicheka. Aliona picha yote: mwalimu mzima na bakuli lake, na mlevi wa Kichaga. "Mchaga akilewa hukumbuka wadeni wake. Ulimficha nini?"

"Sikumficha kitu."

"Basi mfungulie kesi."

"Nitamfungulia. Ushahidi huu hapa." Mbwambo akaifungua leso. Chini ya dole gumba kulikuwa na matundu mawili na mchubuko mrefu, nyama pembeni imevimba. Alikuwa ameosha na kupaka spiriti.

"Ameonja tu," Godlisten alisema. "Angekuwa amekula ungebaki koti."

Mbwambo aliurudisha mkono mapajani. Alikuwa akitazama uzio, hakumtazama mwenzake. "Huko hospitalini kwenu," akasema kwa sauti yake ileile ya siku zote, "hamna sindano ya mtu aliyeumwa na Mchaga?"

"Ipo. Lakini kwa Mpare wanataka kwanza auze ng'ombe saba."

"Saba!"

"Na shamba la tangawizi."

"Basi nitakufa na shamba langu," alisema Mbwambo, wakacheka wote wawili.

Kuna sekunde moja pale ambayo Godlisten aliirudia baadaye mara nyingi kuliko anavyoweza kueleza. Alikuwa mtu wa hospitali. Kitu kilimpitia kichwani, kidogo, kwamba mnyama wa porini anayeyumba mchana hayuko sawa, kwamba pengine aulize mtu kazini. Lakini kuuliza kwa dhati, pale pale, kungekuwa ni kusema tuache utani. Na Mbwambo mwenyewe alikuwa anacheka. Ndipo Flaviana akaita kutoka jikoni kwamba chakula kiko mezani. Mbwambo akaifunga tena leso, wakaingia ndani, na mezani alipoulizwa na Flaviana alisema amejikata na bati la pipa.

Siku nne baadaye, Godlisten akikata majani, aliona kitu cha kijivu chini ya uzio wa pembeni. Alikuwa ni dume kubwa la rakuni, limekufa, povu limekaukia mdomoni. Aliita kuelekea dirisha la chini.

"Mpare! Mshtakiwa amefariki. Kesi yako imekufa!"

Mbwambo alitoka na viatu vya ndani. Alisimama hatua mbili kutoka kwa mzoga, akautazama sana. "Alikuwa anaumwa nini?" akauliza.

"Alikula Mpare. Nyama ngumu, haikusagika."

Mbwambo alicheka, ila alichelewa, kama mtu aliyekumbushwa nauli. Godlisten aliuchota mzoga kwa sepetu, akautia katika mfuko mweusi, na Ijumaa lori la taka likauchukua.

Juni ikapita, na Julai ikafika katikati yake. Kidonda kilikuwa kimekauka na kuacha alama mbili nyeupe. Jumatatu moja Mbwambo alisema mkono unamwasha kwa ndani, kama una siafu. Jumanne alisema kuwasha kumepanda mpaka bega, akadhani ameulalia. Jumatano hakwenda kazini, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Godlisten alipotoka zamu ya mchana alimkuta kwenye kiti chake barazani, shati limelowa, kikombe cha chai kimepoa mbele yake. Rakuni jike lilikuwa tayari kwenye pipa na watoto wake. Mbwambo hakuwa akiwatazama.

"Umemaliza sukari yangu leo, au bado?" Godlisten akamwambia.

Mbwambo alikishika kikombe akakiinua. Kabla hakijafika mdomoni, shingo yake ilijikaza, mishipa ikasimama, akakitupa kikombe kikaviringika hadi kwenye majani. Rakuni wakakimbilia mtini.

"Mtani," akasema, "tuache utani."

"Makande Jumapili, basi," Godlisten akajibu. Mdomo ulikuwa umezoea, ulijibu peke yake. Ndipo akamwona uso.

Flaviana aliendesha gari kwenda hospitali. Mbwambo, kiti cha nyuma, hakuacha kusema kwamba asipelekwe, kwamba wataulizia vitambulisho, kwamba ni malaria tu, imemrudia. Godlisten alikuwa na chupa ya maji akijaribu kumnywesha, na kila alipoisogeza Mbwambo aliruka kama amemwagiwa mafuta ya moto. Mate yalimtoka, Godlisten akayafuta kwa viganja vyake, viganja vilivyopasukapasuka kwa sabuni za kazini. Walipofika, hakuna aliyeulizia vitambulisho.

Daktari alikuwa kijana, mpole, na kalamu mkononi. Aliuliza kama mgonjwa ana kisukari, kama ana presha, kama amesafiri karibuni. Godlisten akajibu hapana, ndiyo kidogo, hapana. Daktari akauliza kama mgonjwa ameumwa na mnyama yeyote miezi ya karibuni.

"Ndiyo," Godlisten akasema. "Rakuni. Mwishoni mwa Mei."

Kalamu ikasimama. Daktari akaomba aonyeshwe ni mkono upi.

Vipimo vilichukua siku mbili, lakini hawakuhitaji kungoja. Daktari aliwaita pembeni akawaeleza taratibu, kama mwalimu anayejua kwamba darasa halitapenda jibu. Ulikuwa kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao upande huu wa dunia mbwa huuleta kwa nadra. Wanaoubeba ni rakuni na popo. Watu wakichanjwa siku za mwanzo baada ya kuumwa, karibu wote hupona. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Watamlaza usingizi ili asiteseke.

"Angekuja lini?" Flaviana akauliza.

"Siku ile ile. Au ya pili yake. Hata wiki ya kwanza." Daktari akauliza, "Alama aliiona. Hakumwambia mtu siku hizo?"

Flaviana aligeuka kumtazama mumewe, na Godlisten akatazama sakafu. Flaviana alisema nje, kwenye korido, akiwa amesimama na mkoba wake kifuani.

"Wewe alikwambia."

"Aliniambia kwa utani."

"Ukamjibuje?"

Akamweleza. Ng'ombe saba, shamba la tangawizi, mshtakiwa aliyefariki. Alieleza yote, kwa kuwa Flaviana hakuwa mtu wa kuelezwa nusu.

"Mimi si mtani wake," Flaviana alisema. "Ungeniambia mimi, Godlisten. Ningemvuta sikio nikamtia garini, angalie kipeperushi au asiangalie. Mimi hanichekeshi." Akatoka kwenda kwenye gari, na Godlisten akasikia visigino vyake mpaka mlango wa lifti ulipofungwa.

Kabla ya kulazwa usingizi, kulikuwa na nusu saa ambayo Mbwambo alikuwa na akili yake timamu. Godlisten aliketi kando, amevaa gauni la plastiki na barakoa. Macho ya mgonjwa yalizunguka chumbani, yakatua kwake.

"Barakoa," akasema kwa shida. "Sasa... umerudi ukoo wenu."

Godlisten alitafuta neno lolote la kumrudishia, alitafuta kwa nguvu zote, na halikuja.

"Mwambie Edna ni malaria," Mbwambo akasema.

"Nitamwambia."

"Nilikuuliza sindano," alisema tena, baada ya kupumua. Hakuwa analaumu. Alisema kama mtu anayerudia hesabu aone ilipokosewa. "Niliuliza, au sikuuliza?"

"Uliuliza, Mwalimu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Mwalimu. Mbwambo alifumba macho. Muuguzi akaingia na dawa.

Aliishi siku nyingine tisa, kama kulala na mashine ni kuishi. Katika siku hizo mtu wa idara ya afya alikwenda Bowie na fomu. Aliuliza nani aligusa mate, nani aliugusa mzoga, mzoga uko wapi. Alikagua ua, pipa na bakuli, akaandika. Godlisten alimuuliza kama mtu asiye na bima na asiye na karatasi angeipata chanjo ile. Yule bwana alisema kwamba wangemtafutia njia. Kuna mipango, kuna fomu za kuomba, ilitosha apige simu. "Watu hawajui," akaongeza. Siku hiyohiyo Godlisten alipigwa sindano ya kwanza kati ya nne, kwa sababu ya mate na viganja vyake vilivyopasuka.

Godlisten alimpigia Edna simu, akamwambia ni malaria. "Huko kuna malaria?" akauliza. Godlisten alisema ipo kidogo.

Msiba ulifanyika ukumbini Silver Spring, mlemle. Watu walikuja kutoka Gaithersburg, Sterling hadi Baltimore. Mbwambo alikuwa amewachekesha wengi. Simu iliwekwa kwenye kigoda mbele ili watu wa Usangi waone, na ukiinama uliweza kumwona Edna, shuka begani, katikati ya wanawake wengine. Padri, mchungaji na mzee wa Wasabato walisema yao. Kisha, kama ilivyo desturi, mtu akauliza, "Mtani wake yuko wapi? Mchaga asimame!"

Godlisten alisimama. Walimngoja avae kofia ya marehemu, adai sahani yake ya pilau, amwombe Edna amfuate. Wengine tayari walikuwa wanatabasamu. Alikuwa amekaa siku tatu akiwaza atakachosema, na alikuwa ameamua.

"Aliniambia ameumwa na mnyama," akasema. "Akaniuliza sindano. Mimi nikamwambia auze ng'ombe saba."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Na shamba la tangawizi," akaongeza, "nasema kweli, niliona mzoga, nikautupa," na wakazidi kucheka, wakipiga meza, mzee mmoja akifuta macho kwa tai yake, "Huyu Mchaga! Muueni kabisa!" Hata kwenye simu, Usangi, wanawake walikuwa wamejiinamia. Kila alivyosema kwamba hatanii, walizidi kucheka, maana hivyo ndivyo mtani hodari anavyofanya. Flaviana peke yake alikuwa ameshika kichwa. Na kwenye ile simu ndogo, katikati ya waliokuwa wakicheka, Edna alikuwa amesogea karibu na kioo, akimtazama, hacheki, midomo yake ikifanya neno ambalo kelele zililimeza.

Godlisten akaketi. Mtu akamletea sahani ya pilau.

Baada ya hapo hakukaa tena barazani. Rakuni jike liliendelea kuja jioni mbili au tatu, likapapasa kwenye ngazi palipokuwa na bakuli, likavuka kwenda kwa jirani. Flaviana alinunua pipa lenye kufuli. Waliongea mezani kuhusu kufuli, kuhusu mvua, kuhusu masanduku mawili ya chini ambayo mtu fulani anayesafiri angeyapeleka. Edna alipiga simu mara mbili. Godlisten aliiona ikiita na hakuipokea.

Sindano ya nne ilikuwa Alhamisi asubuhi. Muuguzi alikuwa Mkenya kutoka pande za Kericho, mwenye furaha ya mtu aliyesikia Kiswahili kazini.

"Karibu, mzee. Kunja shati. Uliumwa wapi?"

"Sikuumwa mimi."

"Ni kukaa karibu na mgonjwa?"

"Ndiyo."

Alisafisha bega kwa pamba. Sindano iliingia na kutoka kabla hajamaliza kuvuta pumzi.

"Umeona? Watu wanaogopa bure, wanafikiri ni zile za tumboni za zamani. Hii ni kama ya mafua tu." Akabandika plasta ndogo ya duara, akaandika tarehe kwenye kadi. "Ulifanya vizuri kuja mapema. Sasa kaa hapo nje dakika kumi na tano, kama hakuna shida uende."

Alikaa nje. Kulikuwa na viti vya plastiki na televisheni isiyo na sauti. Dakika kumi na tano zilipita, kisha nusu saa. Muuguzi alitoka, akamkuta bado yupo, na kadi mkononi.

"Mzee, si nilikwambia uko sawa? Unaweza kwenda."

"Nimesikia," Godlisten alisema, lakini hakusimama.